BABA + MAMA = UZAZI: uchague njia gani kufumbua fumbo kwa programu?

Fumbo lenyewe ni hili: BABA + MAMA = UZAZI. Kila herufi inasimama badala ya tarakimu moja kati ya 0 na 9, herufi mbili tofauti hazishiriki tarakimu, na hakuna neno linaloanza kwa sifuri. Nililitunga kwa ajili ya vijana ninaokutana nao Jumamosi asubuhi hapa Buruburu, Nairobi, wengi wao wamemaliza kidato cha nne na wanangoja kujiunga na chuo. Niliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza likapewa penseli na karatasi. La pili likaandika programu ya Python inayojaribu kila uwezekano. La tatu likatumia Prolog, lugha ambayo kazi yako ni kuieleza kompyuta masharti, halafu inatafuta yenyewe.

Wenye penseli ndio waliotangulia kumaliza: 6969 + 7979 = 14948. Wakahakiki jumla, ikakubali, wakafunga daftari. Muda si mrefu programu ya Python ikatoa majibu 14. Prolog nayo ikatoa moja na kutulia, ikingoja kuulizwa kama kuna jingine. Msichana mmoja wa fungu la penseli akasimama: "Mwalimu, kwa hiyo jibu ni lipi?"

Yote 14 ni majibu. Swali lake ndilo lililonisukuma niandike ulinganisho huu, kwa sababu mafungu yote matatu yalikuwa na haki na bado yalitoka na vitu vitatu tofauti mkononi. Wazazi na walimu wenzangu huniuliza ni njia ipi mtoto aanze nayo, na mara nyingi swali huja kama swali la lugha: Python au nini? Lugha si jambo la kwanza. Tazama kwanza fumbo lako lina umbo gani. Kuna mafumbo ya kujaza nafasi, kama hili la herufi. Kuna mafumbo ya safari, ambapo unatoka hali moja kwenda nyingine hatua kwa hatua. Na kuna mafumbo ya kauli, ambapo watu wanasema maneno nawe unapima nani mkweli au nani anajua nini. Njia inayong'ara kwenye moja huweza kukwama kabisa kwenye jingine.

Kujaribu yote

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoifundisha kwanza. Programu nzima ya fumbo letu ni hii:

```
from itertools import permutations

for b, a, m, u, z, i in permutations(range(10), 6):
    baba = 1010*b + 101*a
    mama = 1010*m + 101*a
    uzazi = 10000*u + 1010*z + 100*a + i
    if b and m and u and baba + mama == uzazi:
        print(baba, mama, uzazi)
```

Herufi ni sita, tarakimu ni kumi, kwa hiyo mipangilio ni 10 × 9 × 8 × 7 × 6 × 5, yaani 151,200. Kompyuta kuukuu huimaliza kabla hujavuta pumzi. Uzuri wake hauko kwenye kasi. Uko kwenye uaminifu: mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuipitia mistari hiyo na kuona kwamba hakuna mpangilio ulioachwa, hivyo majibu 14 ni 14 kweli, si 13 wala 15. Njia nyingine zote nitakazozitaja zinaruka sehemu za kazi, na kila unaporuka kuna nafasi ya kuruka na jibu ndani yake. Ndiyo maana hata nikitumia njia ya kisasa zaidi, huandika pia toleo la kujaribu yote kwa fumbo dogo la aina ileile, nilinganishe hesabu.

Fumbo maarufu zaidi la aina hii ni SEND + MORE = MONEY, lililochapishwa na Mwingereza Henry Dudeney katika jarida la Strand mwezi Julai 1924. Lina herufi nane, kwa hiyo mipangilio ni 1,814,400, na jibu ni moja tu: 9567 + 1085 = 10652. Python huhitaji sekunde chache. Bado tuko salama.

Kwenye mafumbo ya kauli njia hii haina mpinzani. Chukua mfano huu. Makanga watatu wamesimama stejini, kila mmoja ama husema kweli daima au hudanganya daima. Wa kwanza anasema, "Huyu wa pili ni mwongo." Wa pili anasema, "Wa kwanza na wa tatu ni watu wa aina moja." Wa tatu amenyamaza. Je, wa tatu ni mkweli au mwongo? Watu watatu, kila mmoja na hali mbili, ni safu nane tu za kupima. Huhitaji hata programu. Jedwali la Excel au LibreOffice linatosha. Ukizipima, zinabaki safu mbili: moja ina mkweli, mwongo, mwongo, nyingine ina mwongo, mkweli, mwongo. Hatuwezi kujua habari za wa kwanza wala wa pili, ila safu zote mbili zinakubaliana kwamba wa tatu ni mwongo. Wanafunzi wangu wengi hudhani programu imeshindwa inapotoa safu mbili. Lazima wafundishwe kusoma kile ambacho majibu yanakubaliana.

Vivyo hivyo lile fumbo la siku ya kuzaliwa ya Cheryl lililotoka Singapore na kuenea duniani mwaka 2015. Albert ameambiwa mwezi, Bernard ameambiwa tarehe, kuna siku kumi za kuchagua, nao wanasema kwa zamu kama wanaijua siku yenyewe au la. Unaandika orodha ya siku hizo kumi na kuichuja mara tatu, kila kauli ikiwa chujio lake. Kauli ya kwanza ya Albert inabakiza siku 5, ya Bernard inabakiza 3, na ya mwisho ya Albert inabakiza moja, Julai 16. Nimeona watu wakilisumbukia fumbo hili kwa zana nzito, na kazi yote ilikuwa orodha moja na vichujio vitatu.

Njia hii hukatika pale hesabu inapopaa. Tuseme kompyuta yako inapima mipangilio milioni 1 kwa sekunde, kipimo kisicho mbali na hali halisi ya Python. Fumbo la punda milia, lililotoka katika jarida la Life International tarehe 17 Desemba 1962, lina nyumba tano, na kila nyumba ina rangi yake, mwenyeji wa taifa lake, kinywaji, sigara na mnyama; unapewa masharti, unaulizwa nani anakunywa maji na nani mwenye punda milia. Kila moja ya sifa hizo tano hupangika kwa njia 120, kwa hiyo mipangilio ni 120 × 120 × 120 × 120 × 120: 24,883,200,000. Kwa kasi hiyo ni karibu saa 7. Hapa mtaani kwetu kungoja programu saa 7 bila stima kupotea ni kuomba mengi. (Watu hupenda kusema fumbo hilo lilitungwa na Einstein akiwa mtoto. Hakuna ushahidi wowote wa hilo.)

Kurudi nyuma

Njia ya pili ni ya mtu anayepita kichochoroni asichokijua. Anaingia, akikuta ukuta anarudi hadi njia panda ya mwisho na kujaribu upande mwingine, harudi mwanzo. Kwenye programu unaweka kipande kimoja, unapima masharti hapohapo, unaweka kinachofuata. Ukikwama unaondoa ulichoweka mwisho na kujaribu chaguo jingine.

Hakuna fumbo linaloionyesha njia hii vizuri kuliko malkia wanane wa sataranji. Mjerumani Max Bezzel alilileta mwaka 1848: weka malkia wanane kwenye ubao wa miraba 64 bila mmoja kumshambulia mwenzake, iwe kwa safu, kwa mstari au kwa mshazari. Franz Nauck alichapisha majibu yake mwaka 1850, na mwaka huohuo hata Gauss, mwanahisabati mkubwa wa zama zake, alilijadili kwenye barua. Majibu ni 92, na ukihesabu kwamba kuzungusha ubao au kuutazama kwenye kioo hakuleti jibu jipya, yanabaki 12.

Ninalipenda fumbo hili kwa sababu linaonyesha namna fikra ndogo inavyokata mzigo mkubwa. Ukichagua miraba minane yoyote kati ya 64, mipangilio ni 4,426,165,368. Kwa kipimo chetu cha milioni 1 kwa sekunde, hiyo ni saa moja na robo hivi. Ukitambua kwamba kila safu lazima iwe na malkia mmoja, inashuka hadi 16,777,216. Ukitambua kwamba hata mistari haiwezi kurudiwa, inashuka hadi 40,320, na hapa hata kujaribu yote kunatosha. Lakini ukirudi nyuma mara tu unapokwama, mbao utakazozigusa tangu ubao mtupu ni 2,057 tu. Malkia mmoja ana nafasi 8. Malkia wawili wanakaa salama kwa njia 42, watatu 140, wanne 344, watano 568. Kisha, na hapa ndipo wanafunzi hunyamaza wakitazama, idadi inaanza kupungua: sita 550, saba 312, wanane 92. Ubao unajaa na njia zinajifunga zenyewe.

Edsger Dijkstra alilitumia fumbo hili mwaka 1972 kufundisha namna ya kujenga programu hatua kwa hatua, na tangu hapo limebaki kwenye madarasa. Linastahili.

Sasa rudi kwenye punda milia. Saa 7 zile zinayeyuka ukianza na masharti yanayobana zaidi. Mnorwe anaishi nyumba ya kwanza, na anapakana na nyumba ya buluu. Kwa hiyo ya pili ni ya buluu. Nyumba ya kijani inapakana na ile ya rangi ya pembe ya ndovu, upande wake wa kulia. Mwingereza anaishi nyumba nyekundu, hivyo ya kwanza haiwezi kuwa nyekundu. Kabla hujagusa vinywaji, sigara wala wanyama, jozi za rangi na mataifa zimeshuka kutoka 14,400 hadi 12. Kumi na mbili! Programu inayofuata mpangilio huo hutoa jibu kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe. Anayekunywa maji ni Mnorwe, na punda milia ni wa Mjapani.

Sudoku ni ndugu wa mafumbo haya. Hapo siri ni kuchagua kila mara kisanduku chenye uwezekano mchache zaidi, badala ya kujaza kuanzia kona ya juu kushoto kama tunavyosoma gazeti.

Kosa la njia hii ni moja, na nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sasa huenda moja kwa moja kwenye mstari wake. Mtu anaporudi nyuma husahau kuondoa alama alizoweka. Malkia ameondoka ubaoni, lakini programu bado inaamini kwamba safu yake ina mtu. Matokeo yake ni majibu machache kuliko 92, au hakuna kabisa, na programu haitoi onyo lolote kwa sababu kwayo mambo yako sawa. Kijana mmoja alikaa na kosa hilo wiki nzima. Nilimwambia aendeshe programu kwa malkia wanne kwenye ubao wa miraba 16, ambako majibu ni 2 tu, na achore kila hatua kwa mkono. Aliliona kosa kwenye mchoro wa sita.

Fumbo la safari

Mafumbo ya safari hayana nafasi za kujaza. Watu wa pwani husimulia la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka maji kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu pamoja naye. Ulaya husimuliwa kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na limo katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Mtu, chui, mbuzi na majani: kila kimoja kiko ng'ambo hii au ile, kwa hiyo hali zote ni 16. Ukiondoa zile ambazo mbuzi ataliwa au majani yataliwa, zinabaki 10.

Ukilichukua fumbo hili na programu ya kurudi nyuma bila kuiongezea chochote, itavuka na mbuzi, irudi naye, ivuke naye, irudi naye, hadi ukate tamaa. Lazima ikumbuke hali ilizokwisha kupita. Ila hata ikikumbuka, haikuahidi njia fupi. Kinachotakiwa hapa ni kutafuta kwa tabaka: andika hali zote unazoweza kufikia kwa hatua moja, kisha zote za hatua mbili, kisha tatu, huku ukiziweka kwenye foleni na kuzihudumia kwa zamu, aliyetangulia kufika atangulie kuhudumiwa. Siku utakapoifikia hali unayoitaka, una hakika hakuna njia fupi zaidi, kwa sababu tabaka zote za chini umeshazimaliza. Kwa chui, mbuzi na majani ni mivuko 7, na kuna njia mbili za kuifanya.

Tofauti inaonekana wazi zaidi kwenye fumbo la mitungi, ambalo mtu yeyote wa Nairobi aliyewahi kugawa maji siku ya mgao atalielewa bila maelezo. Una mtungi wa lita 3 na wa lita 5, hakuna alama, na unataka lita 4 kamili. Hali ni 24, na zinazofikika ni 16. Foleni inakupa hatua 6: jaza wa 5, mimina kwenye wa 3, mwaga wa 3, hamishia humo lita 2 zilizobaki, jaza wa 5 tena, mimina hadi wa 3 ujae, ndani ya wa 5 zinabaki 4. Programu ya kurudi nyuma ikianza kwa kujaza mtungi mdogo itakuletea njia ya hatua 8, nayo ni sahihi pia. Kama swali lilikuwa "inawezekana?", njia zote mbili ni sawa. Kama maji yanamwagwa kila hatua na wewe ndiye uliyeyanunua, utataka zile 6.

Foleni nayo ina ukuta wake: kumbukumbu ya mashine. Mchezo wa vigae vinavyoteleza wenye vigae 8 una hali 181,440 zinazofikika, na foleni huzipitia zote bila shida. Hali ngumu kuliko zote inatatuliwa kwa hatua 31. Ongeza hadi vigae 15 na hali zinakuwa 10,461,394,944,000. Hakuna laptopu ya maduka ya Luthuli Avenue hapa mjini itakayozihifadhi. Hapo unahitaji foleni yenye makisio, inayotanguliza hali zinazoonekana kukaribia lengo, na hilo ni somo la siku nyingine.

Kuieleza mashine masharti tu

Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Ukiandika fumbo la punda milia kwa Prolog, programu yako inafanana na fumbo lenyewe: sharti moja, mstari mmoja. Kurudi nyuma kumejengwa ndani ya lugha, kwa hiyo lile kosa la kusahau kuondoa alama halipo. Kwa mafumbo ya "nani anaishi wapi na anafuga nini" ninaiona njia nzuri kuliko zote, na mwanafunzi anayejua Kiswahili kizuri huipata haraka, kwa sababu kazi yake ni kutafsiri sentensi.

Bei yake unailipa mambo yakiharibika. Mmoja wetu aliandika masharti mawili yanayopingana bila kujua, na Prolog ikamjibu kwa neno moja la kukana. Haikumwambia ni sharti lipi. Python ingemruhusu achapishe kila hatua aone ilikofia. Hapa ilibidi tufute masharti moja moja hadi jibu litokee. Tena mpangilio wa mistari unaleta tofauti, ingawa lugha inakuvuta uamini kwamba haujalishi.

Visuluhishi vya masharti ni hatua nyingine mbele: MiniZinc iliyokuzwa Australia, Z3 ya Microsoft Research, OR-Tools ya Google. Vyote ni vya bure. Unaeleza vigezo na masharti, navyo vinatumia mbinu ambazo watafiti wamezinoa kwa miaka mingi. Sudoku inaingia kwa mistari michache. Ukiwa na ratiba ya shule yenye walimu 30 na madarasa 16, usipoteze muda kuandika kurudi nyuma kwako mwenyewe, tumia hivi. Lakini kwa anayeanza nasema hapana, na nasema kwa uzito. Mtoto aliyepewa jibu la malkia wanane na kisuluhishi hajaona zile 568 zikishuka kuwa 92. Amepata jibu ambalo lilijulikana tangu 1850 na hajapata kitu kingine.

Simu, stima na bando

Kwa hali zetu, mambo haya huamua kabla hujafika kwenye mantiki. Python inafanya kazi kwenye simu ya Android bila intaneti ukishapakua Pydroid 3, na mafumbo yote ya sehemu mbili za kwanza yanaendeshwa humo. Kuandika kwa vidole kwenye kioo kidogo kunachosha, lakini nusu ya kikundi changu kilianza hivyo. Prolog unaweza kuijaribu kwenye kivinjari kupitia SWISH bila kusakinisha chochote, ila bando likiisha nawe umeishia hapo. Ukiwa na laptopu, sakinisha SWI-Prolog mara moja uachane na hilo. MiniZinc ni afadhali uwe na laptopu. Kwa asiye na mahali patulivu nyumbani, maktaba za Kaloleni na Makadara ni afadhali kuliko saiba yenye kelele.

Na kuna mafumbo ambayo hupaswi kuanza kwa kompyuta yoyote. Chukua ubao wa sataranji, kata miraba miwili ya pembe zinazotazamana. Je, miraba 62 iliyobaki inaweza kufunikwa na domino 31, kila moja ikifunika miraba miwili inayopakana? Ubao mzima wa 64 unaweza kufunikwa kwa njia 12,988,816, kwa hiyo programu ya kurudi nyuma itahangaika sana kabla ya kukuambia kwamba huu uliokatwa haufunikiki. Lakini pembe zinazotazamana zina rangi moja. Umebaki na miraba 32 ya rangi moja na 30 ya nyingine, na kila domino hufunika moja ya kila rangi. Mjadala umekwisha. Max Black alilitoa fumbo hili mwaka 1946, na John McCarthy akalitumia miaka ya 1960 kama kipimo kigumu kwa programu za kuthibitisha.

Ningekuchagulia ipi

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na laptopu moja: jedwali la makanga watatu kwanza, kwa chaki, kisha malkia wanne kwa vifuniko vya soda kwenye ubao wa karatasi. Kurudi nyuma kunaeleweka kwa mikono kabla ya kuandikwa. Kijana anayejiandaa kwa chuo: kujaribu yote, kurudi nyuma, foleni, kwa mpangilio huo, kila moja aiandike mwenyewe bila kunakili, na Prolog aiguse baadaye ili aone njia nyingine ya kufikiri. Mtu mzima anayependa mafumbo ya gazeti na anataka jibu jioni hii: MiniZinc, bila kujilaumu. Mwenye ratiba au mgawanyo wa zamu wa kweli kazini: OR-Tools, na apime kwanza kwa mfano mdogo ambao jibu lake analijua.

Na mwenye simu tu, aanze na mistari saba ya BABA na MAMA. Akishapata majibu 14, achukue penseli atazame safu ya mamia: A mbili pamoja na kilichobebwa vinatoa A tena. Hilo linawezekana A ikiwa 0 au 9 pekee, na ikiwa 0, I nayo ingekuwa 0. Kwa hiyo A ni 9, I ni 8, U ni 1, na kilichobaki ni B + M + 1 = Z + 10. Jozi zinazokubali ni saba, na B na M zikibadilishana zinakuwa 14. Kisha afute lile sharti la sifuri, yaani `b and m and u and`, kwenye mstari wa `if` na kuendesha programu tena. Majibu yatabaki 14 yaleyale, na sababu yake inatoshea nyuma ya risiti ya duka.